Sifuri Isiyopumua

Chumba cha uangalizi hakikuwa na dirisha hata moja, na waliofanya kazi humo walikuwa wamezoea kuijua hali ya dunia kwa kutazama ukuta. Ukutani palikuwa na skrini pana yenye visanduku tisa, kila kisanduku kikiwakilisha njia moja ya majibu kutoka maabara kuu kwenda hospitali za upande mmoja wa nchi. Kisanduku kikiwa cha kijani, njia ni nzima. Kikigeuka chekundu, mtu aache chai yake.

Aliyeketi mbele ya ukuta huo alikuwa mhandisi wa uangalizi, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa jicho, ambaye wenzake walimwita Bi Kijani. Jina lilianza kama utani, siku alipowaambia wageni kwamba katika zamu zake ukuta haujawahi kuona rangi nyingine. Hakulikataa. Mtu akisifiwa kwa kazi aliyoikeshea, hata kejeli huivaa kama kanga mpya.

Kazi yenyewe, ukiivua maneno yake makubwa, ilikuwa kazi ya tarishi. Maabara ikimaliza kupima damu ya mgonjwa, majibu huandikwa kama ujumbe. Ujumbe huo haukai katika kompyuta moja. Hunakiliwa katika tatu zilizo katika miji mitatu, ili moto ukila mji mmoja na mafuriko yakameza wa pili, wa tatu ubaki kusimulia. Kisha programu waliyoipa jina la Mgavi huzichukua jumbe kwa foleni, iliyotangulia kufika ikitangulia kutoka, na kuzikabidhi hospitalini. Mgavi alifundishwa mambo mawili tu: asipoteze, asiruke. Juu ya mlango wa chumba mtu alikuwa amebandika maneno, "Ujumbe haupotei," na yalikuwa kweli tupu.

Hata hivyo, kitu chenye uzito kuliko mitambo yote hiyo kilikuwa neno moja. Zamani majibu yalisomwa kwa simu, mpaka siku mgonjwa mmoja aliposomewa damu ya mwingine na kutibiwa maradhi asiyokuwa nayo. Tangu hapo ikawekwa kanuni: maabara haisomi majibu kwa simu, isipokuwa chumba cha uangalizi kimetangaza kwamba mfumo umekwama. Daktari akilalamika, maabara huuliza chumba, "Vipi huko?" Chumba kikijibu "Salama," mazungumzo yameisha. Bi Kijani alikuwa amelitamka neno hilo mara nyingi kiasi kwamba lilitoka kinywani mwake bila kupita kichwani.

Asubuhi hiyo simu yake ya mkononi ililia.

"Wifi, umekunywa chai?"

"Nimekunywa, wifi. Wewe je?"

"Ya kwangu imeota utando. Nambie, hivyo vioo vyenu vimelala au vimekufa?"

Alikuwa mke wa kaka yake, nesi mkuu wa wodi katika hospitali ndogo iliyo mbali na maabara kuu. Kati ya hao wawili maneno makali yalikuwa ndiyo mapenzi. Jumapili iliyopita, mezani, wifi huyo alikuwa amewaambia watu wote kwamba kazi ya Bi Kijani ni kulipwa kwa kutazama televisheni isiyo na picha, na kaka mtu alicheka mpaka akapaliwa na maji.

"Vioo vyangu viko macho," Bi Kijani alijibu. "Wewe ndiye umeamka vibaya. Kuna nini?"

"Nina mgonjwa. Mwalimu wa chekechea, mwembamba kama kalamu zake. Figo zimemgomea. Damu yake ilikwenda kwenu alfajiri, na hapa hatujaona kitu. Daktari anataka kujua chumvi ya potasiamu imefika wapi. Dawa aliyoishika mkononi inaokoa ikiwa chumvi imepanda. Ikiwa haijapanda, dawa hiyohiyo ndiyo itakayomzika."

"Umewauliza maabara?"

"Wanasema wametuma zamani. Nikawaambia basi nisomeeni, wakasema mpaka chumba kiseme. Sasa kiseme, maana chumba ni wewe."

Bi Kijani aliinua macho. Njia ya tisa, iliyohudumia hospitali ya wifi yake, ilikuwa ya kijani kibichi. Chini ya rangi paliandikwa idadi ya jumbe zinazosubiri kwenye foleni: sifuri. Hakuna kilichokwama. Kompyuta zote tatu za njia hiyo zilikuwa hai, nakala zimetimia, nafasi ya kuhifadhi tele. Alizikagua moja moja, kwa uaminifu wake wa kawaida, kisha akashusha pumzi.

"Wifi, kwetu safi. Foleni haina hata ujumbe mmoja. Kama maabara imetuma, basi umefika. Tazameni kompyuta yenu hapo wodini, pengine mmeizima mkichaji simu."

"Tumeitazama mpaka imeona haya."

"Itazameni tena."

Muda si muda, simu ya mezani nayo ikalia. Ilikuwa maabara. Sauti ya mwanamume mwenye haraka iliuliza, kama kanuni ilivyotaka, "Njia ya tisa, vipi huko?"

"Salama," akasema Bi Kijani.

Upande wa pili simu ikawekwa chini. Mlango ukafungwa, na aliyeufunga hakujua kwamba ameushika.

Mezani karibu naye aliketi fundi wa mtandao, bwana mnene ambaye wenzake walimwita Kasuku kwa kuwa kunyamaza kulimpa homa.

"Wifi yako tena?" akauliza. "Yule akipiga chafya, wewe unakagua nyaya. Mwambie siku hizi ugonjwa unatibiwa na madaktari, sisi tunatibu waya."

"Ana mgonjwa mahututi."

"Kila mtu ana mgonjwa, Bi Kijani. Ndiyo maana zinaitwa hospitali."

Alicheka peke yake. Bi Kijani alijaribu kurudi kwenye kazi yake. Haikupita hata robo saa, wifi akapiga tena. Safari hii hakuuliza habari za chai.

"Hayajafika."

"Wifi, nimekagua kila kitu. Mashine zote zinaonyesha..."

"Sikia, dada." Aliacha kumwita wifi, na Bi Kijani aliuhisi ubaridi wa badiliko hilo. "Hapa nami nina mashine kitandani kwa huyu mama. Inaonyesha mistari, inalia ti, ti, ti. Unajua nafanya nini? Naitazama, kisha naweka mkono kifuani pake. Mashine huweza kuendelea kulia hata waya ukiwa umechomoka. Kifua hakidanganyi, kinapanda, kinashuka. Sasa mimi nakuuliza, hicho kioo chako umekiwekea mkono?"

Bi Kijani aliinua macho. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliutazama ukuta kama nesi anavyomtazama mgonjwa, bila kusoma, akingoja tu kuona kama unapumua.

Njia ya kwanza ilionyesha ujumbe mmoja kwenye foleni, kisha tatu, kisha hakuna, kisha mbili. Njia ya pili ilipanda hadi saba ikateremka. Ya nne ilichezacheza kama kope. Ndivyo foleni hai ilivyo. Majibu huingia na kutoka, na namba haitulii, kama vile duka lenye wateja lisivyokuwa na sakafu tupu kwa muda mrefu. Lakini sifuri ya njia ya tisa ilikuwa imekaa. Aliihesabia pumzi zake mwenyewe, kumi, ishirini, na sifuri haikupepesa. Hospitali zote za upande mmoja wa nchi, asubuhi ya siku ya kazi, na hakuna hata jibu moja lililongoja hata kwa kitambo cha kupepesa jicho? Sifuri ile ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na uzuri wa uso wa maiti aliyeoshwa.

Ndipo akaelewa.

Hesabu ya jumbe zinazosubiri haikuruka angani kuja ukutani. Ilisafiri. Na walipoijenga, yeye na wenzake, walikuwa wamejipongeza kwa ubunifu wa kuipitisha katika njia ileile ya majibu: badala ya kujenga barabara ya pili, hesabu ingepanga foleni pamoja na damu za watu, na Mgavi angeifikisha ukutani kama afikishavyo kila kitu. Njia moja, matunzo kidogo, kila mtu akapiga makofi. Hakuna aliyeuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: barabara ikifungwa, tarishi wa kuja kusema imefungwa atapita wapi? Mgavi wa njia ya tisa alikuwa amesimama. Habari za kusimama kwake zilikuwa nyuma yake kwenye foleni, zikingoja yeye huyohuyo azifikishe. Nao ukuta, usiojua kusema "sijasikia kitu," ulikuwa umeshikilia jambo la mwisho uliloambiwa wakati mambo yalipokuwa mazuri, na kulipaka kijani.

"Wifi," alisema, na sauti yake ilimtoka nyembamba, "usikate. Au kata. Nakupigia."

Aliingia kwenye Mgavi mwenyewe, ndani kabisa, mahali ambapo hakuna rangi bali maandishi meupe juu ya weusi. Hapo ukweli ulikuwa umeandikwa tena na tena, mstari juu ya mstari, kwa uvumilivu wa kutisha: *Nimejaribu. Mlango umekataa. Najaribu tena.* Ujumbe uliokuwa mbele ya foleni ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa kupokelea wa hospitali. Maabara ilikuwa imempima mgonjwa mmoja vipimo vya kila namna, ikaambatanisha na picha, na ripoti ikanenepa. Mgavi alipousukuma, mlango uliukataa. Kwa kuwa alifundishwa asipoteze, hakuutupa. Na kwa kuwa alifundishwa asiruke, hakuuacha kando. Alisimama pale kama mtumishi mwaminifu mwenye godoro kwenye mlango mwembamba, na nyuma yake jumbe mia nne na zaidi za watu wengine zikapanga mstari.

Hakuhitaji kukisia godoro lile ni la nani. Anayelalamika kwanza ni aliyeanza kungoja kwanza. Anwani ilikuwa ya wodi ya wifi yake. Majibu ya mwalimu wa chekechea yalikuwa yamehifadhiwa mara tatu, katika miji mitatu, salama salimini, na hayakuwa yamefika hata mara moja.

"Kasuku, muite mkuu."

Kasuku aliutazama uso wake, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chumba kile akaondoka bila kusema neno.

Mkuu wa kitengo alikuja akiwa na kalamu nyuma ya sikio. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuungua. Miezi michache nyuma, chumba kilitangaza kwamba mfumo umekwama, kumbe ilikuwa swichi moja iliyochomoka; hospitali za njia zote zilirudi kwenye simu na karatasi, vyumba vya upasuaji vikasitisha shughuli, na yeye akaitwa kueleza mbele ya watu wasiopenda maelezo. Alisikiliza, akainama kusoma ile mistari, akaona upesi kama alivyoona Bi Kijani.

"Ruka huo mmoja," akasema. "Mwambie Mgavi auweke kando. Mia nne watapata majibu yao sasa hivi, nao huo tutautafutia njia."

"Niruke ndiyo, lakini nitangaze kwanza."

"Utangaze nini? Ukishauruka, mfumo haujakwama."

"Kwa mia nne haujakwama. Kwa huyu mmoja umekwama, na ndiye aliyekuwa akingoja kuliko wote. Maabara haitamsomea mpaka tuseme. Mimi nimewaambia salama."

"Mama, nisikilize." Mkuu alivuta kiti akakaa, kwa upole uliomtia Bi Kijani uchungu zaidi kuliko hasira. "Tangazo halina nusu. Ukilibonyeza, njia zote tisa zinaingia kwenye simu. Maabara ina watu wangapi wa kupokea simu? Watazidiwa. Na kesho tukitangaza moto wa kweli, nani ataamka? Nipe dakika chache niwapigie wakubwa wa maabara kwa njia ya kawaida, waelewe, wamsomee huyo mmoja kimyakimya."

"Wataniuliza kama ni salama."

"Waambie si salama kwa mgonjwa huyu."

"Kanuni haina neno la mgonjwa mmoja, mkuu. Tuliiandika sisi. Ina salama, na ina tangazo."

 Mkuu aliitoa kalamu sikioni akairudisha. Kila alichosema kilikuwa na maana, na hilo ndilo lililomtesa Bi Kijani: hakuwa na mpumbavu wa kumpinga. Alikuwa na hoja nzuri upande mmoja, na upande mwingine mwanamke asiyemjua, mwembamba kama kalamu, aliyekuwa amelala chini ya mkono wa wifi yake. Akafikiri kwamba tangu asubuhi wote walikuwa wakiamini kitu cha mwisho walichoambiwa kilipokuwa kizuri, kama ukuta wao.

Alibonyeza.

Kengele haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya chini, ya adabu, kana kwamba inaomba radhi. Visanduku vyote tisa viligeuka vyekundu, na simu za mezani zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Mkuu alifumba macho kidogo, akayafumbua, akanyanyua simu iliyokuwa karibu naye. "Ndiyo," akasema kwa sauti kavu, "mfumo umekwama. Someni." Hakumlaumu wakati huo. Angemlaumu baadaye, kwa maandishi, na Bi Kijani alijua hivyo.

Aliiruka ile ripoti nene. Jumbe mia nne zikaanza kumiminika, na hesabu zilizokuwa zimekwama zikaja ukutani kwa mfululizo, zikisimulia moja baada ya nyingine ajali iliyokwisha kutokea: kumi wanangoja, tisini wanangoja, mia tatu wanangoja. Ukuta ulikuwa ukilia kwa sauti kubwa juu ya maumivu ya asubuhi. Kasuku aliutazama akitikisa kichwa.

"Kumbe ulikuwa ukisema," alinong'ona. "Ila ulikuwa ukisema mdomo umezibwa."

Simu kwa wifi haikupatikana. Ilikuwa ikitumika. Akajaribu tena, bado ilikuwa ikitumika. Alijua maana yake, kwamba maabara inasoma na wifi yake anarudia kila namba kwa sauti kama manesi wafanyavyo, na alipaswa kufurahi. Mikono yake haikufurahi. Aliikalia.

Alasiri, wakati tangazo lilipokwisha kuondolewa na mkuu kwenda kwenye kikao ambacho hakutaka kwenda, wifi alipiga.

"Ilikuwa imepanda," alisema. Nyuma yake palisikika gurudumu la kitanda likilalamika. "Potasiamu. Juu mno. Daktari alimpa dawa palepale."

"Alhamdulillahi."

"Ngoja kushukuru. Moyo ulisimama. Wakaurudisha, lakini hajaamka."

Bi Kijani alitazama meza. Palikuwa na kikombe cha chai, na juu yake utando.

"Ulisimama kabla ya majibu, au baada?"

"Dada, usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

"Na mimi nakwambia usiniulize."  Wifi aliposema tena, ukali wote ulikuwa umemtoka, na bila ukali sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. "Hata mimi asubuhi niliwaambia jamaa zake wasubiri, chumba kimesema salama. Nililibeba neno lako mpaka kwa mume wake. Sikuwa na lingine la kumpa."



Jioni hiyo, kabla ya kukabidhi zamu, Bi Kijani alifanya mabadiliko mawili. La kwanza lilikuwa la mitambo. Hesabu za foleni alizitoa katika njia ya majibu, akazipa njia ya peke yake, nyembamba, isiyopitisha kitu kingine. Tena akaufundisha ukuta kwamba namba iliyochelewa kuja ipoteze rangi kidogo kidogo, mpaka iwe kijivu, hata kama ni namba nzuri. Hasa kama ni namba nzuri.

La pili aliliandika kwenye karatasi na kulibandika karibu na simu ya mezani, bila ruhusa ya mtu. Maabara wakiuliza vipi huko, mwenye zamu asiseme neno lile. Aseme alichokiona, na amekiona lini.

Kasuku aliisoma, akakuna kidevu. "Sasa salamu zetu zitakuwa ndefu kama hotuba ya harusi."

"Ziwe."

"Na jina lako je? Bi Kijivu halina mvuto."

Hakucheka, ila alimtazama kwa shukrani, maana alijua kwamba mzaha ule ulikuwa mkono begani. Kasuku akachukua koti lake akaenda zake.

Alipobaki peke yake, alimpigia wifi. Iliita kwa muda mrefu.

"Nipo kwake," wifi alisema kwa sauti ya chini.

"Vipi huko?"

Swali lilikuwa limekwisha kutoka alipolitambua. Lilikuwa swali la maabara, neno kwa neno. Alingoja jibu ambalo watu huwapa wenzao wanaohitaji kulala, lile fupi, lililozoeleka. Ukutani, njia ya tisa ilikuwa na wawili wanaongoja, kisha mmoja, kisha watano.

Wifi naye alikuwa akingoja jambo. Kulisikika mchakacho wa shuka.

"Mashine inasema anapumua," alisema hatimaye. "Sasa nimeweka mkono." Kimya kikapita, kirefu, nao wote wawili wakakiacha kipite. "Kinapanda. Kidogo, lakini kinapanda. Hajafumbua macho. Mume wake amelala kwenye kiti. Hicho ndicho ninachokiona, wifi, na nakiona sasa hivi."

"Usiutoe mkono," Bi Kijani alisema.

"Siutoi."

Hakuna aliyekata simu.